Mdogo wangu amechora piano kwenye ubao wa mteja

Kamwene Mama, na shikamoo.

Mimi ni seremala hapa Mafinga, nina miaka 31. Baba alifariki mdogo wangu wa mwisho akiwa darasa la tano, na tangu hapo ada, sare na kila kitu chake kiko juu yangu. Silalamiki. Ni binti mtulivu, amemaliza kidato cha sita mwaka huu na amefaulu vizuri.

Shida ni piano. Kanisani kwetu kuna piano ya zamani, ile ya kusimama, iliyoachwa na wamisionari. Alipokuwa kidato cha kwanza alikuja mama mmoja mgeni wa kujitolea, akakaa miaka minne, akamfundisha kusoma nota. Akamfanyisha na mitihani ile ya Uingereza hadi gredi ya tano, kisha akarudi kwao. Toka siku hiyo binti anajifundisha mwenyewe. Jumapili anapigia kwaya, Jumamosi anaitwa harusini ambako mara nyingi hapewi hata nauli, na siku nyingine zote anamfuata mzee wa zamu kuomba ufunguo wa kanisa. Anataka kuwa mpiga piano wa jukwaani, wale wanaokaa peke yao mbele ya watu wakapiga muziki wa kina Bach na Chopin. Si wa kwaya, si wa bendi.

Wiki tatu zilizopita niliingia karakana usiku kufuata simu niliyoisahau. Umeme umekatika. Nikamkuta amewasha tochi, amekalia ndoo iliyogeuzwa, mbele yake ubao wa paini nilioupiga randa kwa ajili ya kitanda cha mteja. Amechora vibonyezo vyote kwa penseli, vyeupe na vyeusi, anapiga bila sauti. Nilitaka kumgombeza. Kisha nikautazama mchoro wenyewe. Mama, mimi kupima ndiyo kazi yangu. Nikachukua futi: sentimita 122 na nusu kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna mstari uliokwenda upande. Kesho yake nikapita kanisani, nikapima piano. Ni hivyohivyo. Mteja nikamkatia ubao mwingine.

Nina shilingi milioni nne nilizoweka kwa ajili ya chuo chake. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, anasema asome sheria au ualimu. Kinanda ni cha kumsifu Mungu, hakijawahi kumlisha mtu. Binti anaomba nimnunulie piano ya umeme, ajiandae mwaka mmoja, ndipo aombe chuo cha muziki. Na kuna mtu amempata kwenye WhatsApp, anajiita wakala, anasema atampatia ufadhili wa kusoma piano Ulaya tukitanguliza milioni moja na nusu.

Halafu kifundo cha mkono wa kulia kinamuuma. Ananificha, ila nimemwona jikoni akikikanda kwa maji ya moto.

Ana miaka 19. Je, hajachelewa? Na kazi hii ipo kweli, au namtupa mtoto wa baba yangu?

Kaka mtu, Mafinga

* * *

Kamwene mwanangu, na marahaba.

Nimefundisha muziki Iringa na Mbeya zaidi ya miaka thelathini, na barua yako nimeisoma mara tatu. Naanza na mkono. Mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili, mkono hauwezi.

Apumzike kuanzia leo. Siyo apunguze, aache kabisa kwa siku kadhaa, kisha arudi kwa dakika kumi, apumzike, kumi tena. Maumivu yakirudi au vidole vikifa ganzi, mpeleke hospitali, na amweleze daktari waziwazi kwamba anapiga piano saa nyingi. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mwenye sikio kali kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Aliniambia mkono unamuuma. Nikamwambia avumilie, mtihani uko karibu. Alivumilia, na kufika Krismasi alikuwa hawezi kuinua kikombe cha chai kwa mkono ule. Muziki akauacha. Kosa lilikuwa langu, na ndiyo sababu sitaki binti yenu afiche kitu. Marekani kulikuwa na mpiga piano mkubwa aitwaye Leon Fleisher. Mwaka 1964, akiwa na miaka 36, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe, na kwa miaka mingi akawa anapiga muziki ulioandikwa kwa ajili ya mkono wa kushoto peke yake. Kama ugonjwa wa namna hiyo ulimpata mtu aliyelelewa na walimu bora wa dunia, binti anayejifundisha mwenyewe kwenye baridi ya Mafinga ana haki ya kuangaliwa mapema.

Sasa nikuulize swali la seremala. Kanisani anakalia nini? Nakisia ni kile kiti cha plastiki cha wanakwaya. Nyumbani ni ndoo. Vyote viwili ni vifupi. Mtu akikaa chini, viwiko vinashuka kuliko vibonyezo, kifundo kinapinda kwenda juu, na kano za vidole zinasuguana mle ndani kila anapogonga. Ongeza saa tatu nne bila kupumzika, kwa sababu ufunguo wa kanisa umepatikana leo na kesho haujulikani. Ongeza mwezi wa saba, vidole vikiwa kama vijiti. Nitarudi kwenye hicho kiti, maana hapo una uwezo kuliko mimi.

Na ule ubao. Umenigusa, sikufichi. Wapiga piano wengi hujifunza kupiga wimbo kichwani, bila sauti, na kwa kukariri ni zoezi zuri. Lakini kibonyezo cha piano kinashuka sentimita moja hivi, na ili kishuke kinataka uzito wa gramu kama 50, uzito wa yai. Kikishuka kinarusha nyundo ndogo yenye kitambaa cha sufu, nyundo inagonga uzi, na sauti inakuwa kubwa au ndogo kwa kadiri ya mwendo wa kidole. Ufundi wote wa kazi hii uko kwenye hiyo sentimita moja. Ubao wa paini haushuki. Kidole kinafika kwenye mti mkavu na kishindo kinarudi kwenye kiungo. Basi auguse kwa ncha za vidole tu, dakika chache, mkono ukishapona.

Je, amechelewa? Nitakwambia kama ninavyolijua jambo hili. Kuna mashindano Warsaw, Poland, ya muziki wa Chopin, yaliyoanza mwaka 1927 na hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wanaingia vijana wa miaka 16 hadi 30. Kuna mengine Fort Worth, Texas, yanayoitwa Van Cliburn, kila baada ya miaka minne. Mwaka 2022 yalichukuliwa na kijana wa Korea Kusini, Yunchan Lim, akiwa na miaka 18. Kijana huyo alianza piano akiwa na miaka saba, na alipokuwa na umri wa mdogo wako alikuwa ameshapiga mbele ya dunia. Gredi ya tano katika mitihani ile ya Uingereza ni kati tu. Gredi ziko nane, na baada ya nane ndipo diploma zinaanza. Kwa hiyo njia ya kina Lim mdogo wako hayumo, na atakayemwambia yumo anamdanganya.

Lakini njia si ile moja. Pale Addis Ababa kuna Girma Yifrashewa, aliyezaliwa mwaka 1967. Piano alikutana nayo akiwa na miaka 16, alipoingia shule ya muziki ya Yared. Akaenda kusoma Sofia, Bulgaria, na leo anapiga Chopin na Beethoven pamoja na muziki wake mwenyewe uliojengwa juu ya nyimbo za Ethiopia. Mrusi Sviatoslav Richter aliingia chuo kikuu cha muziki cha Moscow mwaka 1937 akiwa na miaka 22, baada ya kujifundisha sehemu kubwa mwenyewe na kufanya kazi ya kuwapigia waimbaji wa opera kule Odessa. Akawa mmoja wa wakubwa wa karne ile. Ila usisahau kwamba baba yake Richter alikuwa mpiga kinanda, muziki aliuvuta nyumbani kama wewe ulivyovuta harufu ya mbao. Hawa wawili nakutajia ili uone kwamba mlango wa miaka 19 haujafungwa. Ni mzito tu.

Kazi ipo, ila haifanani na picha iliyo kichwani mwa binti. Onyesho la mpiga piano mmoja linataka muziki wa zaidi ya saa nzima, na kwa kawaida anaupiga bila karatasi. Nyuma ya saa hiyo kuna miezi ya mazoezi, saa nne hadi sita kwa siku. Na hata Ulaya, wengi waliomaliza vyuo vizuri hawaishi kwa maonyesho peke yake. Asubuhi wanafundisha, mchana wanawasindikiza waimbaji na wapiga fidla kwenye mitihani yao, Jumapili wako kanisani, na onyesho la peke yao linakuja mara chache. Hapa kwetu itakuwa hivyohivyo: wanafunzi wa piano na shule za kimataifa zinazohitaji walimu wa muziki Dar es Salaam, Arusha na Moshi, kwaya zinazotaka mtu anayesoma nota kwa kweli badala ya solfa (do, re, mi) tu, na maonyesho machache anayoyatafuta mwenyewe. Mimi nimekula kwa kazi hii na nimesomesha watoto watatu. Sikuwahi kupiga Warsaw. Nikikwambia sikuwahi kuitamani Warsaw nitakuwa nasema uongo, lakini maisha yangu hayakupotea, na wako wanafunzi wangu wanaopiga vizuri kuniliko.

Kwa hiyo mpe huo mwaka. Ila uwe mwaka wenye mwalimu. Kukaa na piano tu miezi kumi na miwili kutamkomaza kwenye makosa aliyonayo. Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote katika barua hii: binti yenu hana upungufu wa bidii, anakosa sikio la mtu mwingine. Tangu yule mama aondoke hakuna aliyemwambia kwamba mkono wa kushoto unafunika wa kulia, au kwamba anaharakisha pale panapokuwa pagumu. Makofi ya kanisani hayamwambii hayo. Watu wa kwaya wanampenda, na wanaokupenda husikia ulichokusudia.

Hivyo kabla ya kununua chochote, amtafute mwalimu Arusha, Dar es Salaam au hata Nairobi, ambaye atakubali kumsikiliza kwa simu mara mbili kwa mwezi na kumwona ana kwa ana kila baada ya miezi mitatu. Nauli ya basi na ada ya mwalimu ndizo zitangulie kwenye bajeti yako. Mwalimu huyo amjengee programu ya dakika ishirini na tano: preludi na fuga ya Bach, sehemu ya kwanza ya sonata ya Haydn, Mozart au Beethoven, etude moja ya Chopin, yaani kipande cha kuzoeza ufundi wa vidole, kama mkono utaruhusu, na kipande kimoja cha Mwafrika. Nketia wa Ghana aliandika vipande vizuri vya piano kwa ajili ya wanafunzi, na vidole vya mtu aliyekulia kwenye nyimbo zetu vinavielewa haraka. Hiyo, isipokuwa hicho cha mwisho, ndiyo aina ya programu ambayo vyuo vingi vya muziki duniani huomba kwenye usaili. Na ile mitihani ya Uingereza sasa inaweza kufanywa kwa kurekodi video, vipande vinne mfululizo bila kukata, kwa hiyo hana haja ya kusubiri mtahini aje. Gredi ya sita hadi ya nane zinataka awe amepita nadharia ya gredi ya tano. Kama yule mama alimpitisha upande wa kupiga tu, aanze na nadharia. Hiyo anaweza kuisoma hata sasa mkono ukiwa umepumzika.

Kuhusu chombo: usinunue kinanda cha vibonyezo 61 hata muuzaji akikuapia. Kinatosha kwa kwaya, kwake hakitoshi, kwa sababu vibonyezo vyake vyepesi vitamfundisha mkono mwingine kabisa. Atafute piano ya umeme yenye vibonyezo 88 vizito vyenye nyundo ndani, na pedali ya kukanyaga. Akipata iliyotumika ikiwa nzima, hutamaliza akiba yako. Ile ya kanisani aendelee nayo pia, hata kama imeshuka toni, maana ndiyo inayomfundisha uzito wa kweli. Na wewe, fundi, najua mkono utakuwasha kuirekebisha. Usiguse pini za nyuzi kwa koleo. Piano ina nyuzi kama 230, na zote pamoja zinavuta kwa nguvu inayoweza kufika tani ishirini. Mwache anayejua kutyuni.

Wakala, mwambie hapana leo hii, na binti afute namba. Vyuo vya kweli vinasikiliza kwanza: unatuma video, wakikupenda wanakuita usaili. Chuo cha Curtis kilichoko Philadelphia hakijamtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu mwaka 1928, na kinachukua wachache mno kwa kusikia tu. Ujerumani vyuo vingi vya serikali vya muziki havitozi ada ya masomo, ila viko vinavyowatoza wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, kama vile vya jimbo la Baden-Württemberg. Hata huko mtu anafanya usaili, anajifunza Kijerumani, na kwa viza anaonyesha zaidi ya Yuro 11,000 za kuishi mwaka mmoja. Hakuna hatua hapo ambayo milioni moja na nusu ya wakala inainunua. Mlango wa karibu, tena mzuri, uko hapa nyumbani: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira pale Usa River, Arusha, wana shahada ya muziki, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha muziki. Aanzie huko. Akifika Ulaya baadaye, aende akiwa anajua anafuata nini.

Baba mdogo usimkwepe. Nenda kwake, kaa, mwache aseme yote, maana hofu yake ni ya mtu aliyewahi kuona kijana akipotea. Kisha mpelekee hesabu badala ya ndoto: mwaka mmoja, kiasi gani cha fedha, mwalimu nani, na mwisho wake nini. Mwambie binti ataanza sasa kufundisha watoto wanne watano wa usharika kwa malipo kidogo ya kila mwezi, na harusi kuanzia leo zina bei, inayotajwa kabla hajakubali. Mwambie pia kwamba mwaka ukiisha, programu ile ataipiga kanisani Jumamosi moja mchana, watu wakiwa wamealikwa, na yeye baba mdogo atakaa mbele. Mwalimu naye asafiri aje asikilize. Neno la mwalimu siku hiyo mlipokee nyote watatu. Akisema bado, ualimu wa muziki upo na hauna aibu yoyote. Akisema aendelee, baba mdogo atakuwa amesikia kwa masikio yake.

Nimebakiza kiti. Kanisani pima kutoka sakafuni hadi juu ya vibonyezo vyeupe. Piano nyingi ni karibu sentimita 73, lakini amini futi yako. Kisha mkalishe binti kwenye kiti kigumu, mabega yameshuka, mkono umekunjwa, upime kutoka alipokalia hadi chini ya kiwiko. Toa hiyo kwenye ile ya kwanza. Kiwiko kikiwa na 24, kiti chako ni 49. Kifanye benchi bila mgongo, upana sentimita 70 na kina 34, kwa sababu atakalia nusu ya mbele tu. Usiweke sponji nene, itamzamisha. Chonga na vibao viwili vya sentimita moja vya kuweka chini ya miguu, maana piano ya umeme haitakuwa na kimo kilekile. Na miguu isiyumbe hata kidogo. Ukimaliza mwite akae, usimwambie anyooshe mgongo wala chochote, wewe simama pembeni utazame kiwiko chake tu.